Ndege ya Babu Isiyo na Rubani

"Babu, mbona ndege yako haina rubani?"

Nilimuuliza swali hilo nikiwa na miaka saba, nimesimama juu ya kigoda ili nifikie meza. Mbele yetu ilikuwapo ndege kubwa kuliko mimi, nyekundu na nyeupe, na mgongoni ina kifuniko cha plastiki kinachong'aa kama kioo. Chini ya kifuniko kulikuwa na kiti kimoja kidogo chenye mkanda wake, na hakuna aliyekikalia. Babu alikuwa anakifuta kifuniko kwa kitambaa. Aliendelea kufuta. Bibi, aliyekuwa mlangoni na pini mdomoni, ndiye aliyejibu kwa niaba yake.

"Babu yako hataki mwanamume mwingine amsogelee Bi Mdogo."

Nyumba nzima ilicheka isipokuwa watu wawili, Babu na Bibi.

Huyo babu ndiye tunayemsindikiza leo. Wakubwa wamenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake. Wanasema kati ya wajukuu wote ni mimi niliyemsumbua zaidi kwa maswali, kwa hiyo lazima nina majibu. Kweli ninayo. Jibu moja halijasikiwa na mtu mwingine yeyote, hata Bibi, na nitalisoma mwisho kwa sababu ndivyo alivyoniagiza mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kilicho karibu na bomba, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa akipaka grisi magurudumu ya mabehewa, na mama yake alikuwa akifua nguo za wahandisi. Dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa na ambaye sisi tunamwita Bibi Dada, anasema marehemu alizaliwa na wivu kama wengine wanavyozaliwa na alama shavuni. Alipokuwa na miaka mitano nyumbani kwao alizaliwa mtoto wa kiume. Haukupita muda, jioni moja wakamkosa mtoto kitandani. Walitafuta huku na huku, mama yake roho mkononi, mpaka jirani muuza mkaa akabisha hodi amembeba kichanga kwenye kanga.

"Kijana wenu ameniletea," alisema. "Eti kwenu mmeshatosha."

Marehemu alichapwa. Bibi Dada anasema hakulia. Aliuliza tu kama yule muuza mkaa amemkataa mtoto kabisa au atakwenda kufikiria. Kichanga hicho ndicho babu yetu mdogo, aliyeketi mstari wa mbele, na ndiye aliyekuwa akimnyoa ndevu kaka yake kila wiki katika kipindi chote cha ugonjwa. Kila akimaliza kumnyoa alimwambia, "Leo nakurudisha kwa muuza mkaa."

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza mwaka 1966. Alikuwa na akili sana, na kila mwaka alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa msichana mmoja mwenye mwandiko mzuri, na marehemu hakumsamehe mpaka utu uzima. Mwaka mmoja baba yake aliiangalia ripoti akamuuliza, "Na huyu wa kwanza ni nani?" Akajibu bila kupepesa jicho, "Huyo amehama." Mzee akafurahi, akamnunulia viatu. Wiki iliyofuata yule msichana akapita mbele ya nyumba na ndoo yake kichwani, akasalimia kwa adabu zote, "Shikamoo, baba." Viatu akapewa kaka yake. Kutoka hapo alijiunga na shule ya ufundi, akahitimu umeme na mitambo mwaka 1970, akiwa wa pili.

Mwaka 1971 aliajiriwa na kampuni ya lifti na akaitumikia mpaka alipostaafu Desemba 2011. Alifunga na kutengeneza lifti katika hoteli, hospitali na majengo ya ofisi, na mjini walimjua kwa jina la Mzee wa Lifti. Alikuwa na tabia ya kuweka sikio ukutani lifti ikipita, kama daktari anayesikiliza kifua, kisha anasema, "Huyu ana mafua." Mimi nilipenda anieleze jinsi lifti inavyofanya kazi. Aliniambia kwamba mota haiwezi peke yake, na kwamba nyuma ya ukuta kuna chuma kizito kilichofungwa upande wa pili wa kamba. Lifti ikipanda, kile kinashuka. Ikishuka, kile kinapanda. "Ukiona kitu kinapanda," alisema, "ujue kuna mwenzake anayeshuka kwa ajili yake, na huyo watu hawamwoni."

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Bibi. Ilikuwa Novemba 1974, kwenye jengo lenye karakana ya ushonaji ghorofa ya tano. Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na ndani yake alikuwamo binti mmoja na bunda la sare za shule.

"Dada, usiogope," marehemu alisema kupitia upenyo wa mlango. "Mimi ndiye fundi."

"Siogopi. Nina njaa."

"Nipe nusu saa."

"Nusu saa nzima? Wewe ni fundi au unajifunza?"

Akampenyezea mkate wake wa mchana. Fundi mwenzake aliapa mpaka anastaafu kwamba lifti ile ilipona mapema sana, ila Babu aliendelea kugongagonga chuma ili mazungumzo yasikatike.

Lakini kulikuwa na mtu njiani. Bibi husisitiza kwamba hakuwa mchumba, alikuwa mtu wa kumtazama tu kwa jicho zuri. Alikuwa rubani wa ndege ndogo ya kunyunyizia dawa mashambani. Alipita juu ya paa la kwao Bibi mara tatu, na mara ya tatu aliigeuza ndege tumbo juu, akainyoosha tena, akaenda zake. Mtaa mzima ulitoka nje. Bibi naye alitoka, akatazama juu mpaka shingo ikamuuma. Baadaye rubani akahamishiwa mbali, asiandike hata mstari mmoja, na tarehe 24 Julai 1976 Bibi akaolewa na fundi wa lifti.

Rubani alihama mji, lakini nyumbani kwetu hakuhama. Sukari ikiisha, rubani. Paa likivuja, rubani. "Ningeolewa na rubani mimi," Bibi alikuwa akisema, "saa hizi niko mawinguni, siulizwi chumvi iko wapi." Watoto walikua wakiusikia wimbo huo, na wajukuu tukaurithi. Sote tulicheka, na Babu alitabasamu. Mimi hupenda kuangalia nyuso za watu wanapocheka, na nilikuwa naona kwamba tabasamu lile linachelewa kidogo kufika, kama lifti yenye mafua.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto watatu: shangazi yetu, kisha baba yangu, kisha baba mdogo. Na kwa utani wa babu na mjukuu, mimi nilipozaliwa nikawa mke wake wa pili. Yeye aliniita mke wangu mdogo, naye Bibi akaniita mke mwenzangu na kunitishia kuninyang'anya bakuli. Nilikuwa Bi Mdogo halali wa nyumba ile mpaka nilipofika miaka mitano, ndipo alipoletwa mwingine.

Marehemu alikuwa amemwahidi Bibi kwamba akistaafu atamnunulia kabati la kioo. Machi 2012 gari dogo la mizigo likasimama mlangoni, na wanaume wawili wakateremsha boksi refu la karatasi ngumu. Bibi alikuwa ameshasafisha kona ya chumbani na kutandika kitambaa chini ili miguu ya kabati isichubuke. Boksi likawekwa sebuleni. Babu akalipasua kwa wembe, taratibu. Ndani zilikuwamo mbao nyepesi kama maganda, karatasi kubwa za michoro zilizokunjwa, bomba moja refu jeusi, na injini ndogo ya petroli ndani ya boksi lake.

"Kabati liko wapi?" Bibi aliuliza.

"Hili si kabati, mama watoto. Hii ni ndege."

"Ndege."

"Ya kurushwa kwa rimoti. Inakuja vipandevipande, unaijenga mwenyewe. Ikiisha itaweza kupinduka, kubiringika hewani, hata kusimama kwa mkia."

Bibi aliziangalia zile mbao. "Na sasa hivi inaweza nini?"

"Sasa hivi bado."

Kwanza ndege ilichukua meza. Bawa likijengwa juu ya meza iliyopinda huwa limepinda milele, na meza pekee iliyonyooka nyumbani ilikuwa ile ambayo Bibi alikuwa akikatia nguo za wateja. Kwa hiyo Bibi akaanza kukata vitambaa sakafuni, magoti chini. Kisha ndege ikachukua chumba, yaani kile cha uani. Kisha ikachukua jioni zote. Kisha, Bibi alisema, ikachukua hata maneno mazuri, maana kupitia ukutani alimsikia Babu akikibembeleza kipande cha mbao: "Taratibu, mama. Taratibu. Usivunjike."

"Mimi hajaniambia taratibu tangu mwaka themanini," Bibi alimwambia shangazi.

Ndiye aliyeipa ndege jina langu. Siku moja wageni walipouliza Babu yuko wapi, Bibi akajibu, "Yuko kwa Bi Mdogo," na tangu siku hiyo mimi nikawa mjukuu tu. Bibi na mimi tukawa wake wenza wawili tulioachwa, tunakaa jikoni tukimsengenya wa tatu. Ana tumbo kubwa. Hana masikio. Ananuka gundi. Bibi alicheka tuliposema hayo, lakini aliosha vyombo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Lazima niseme habari ya mabawa, kwa sababu Babu hakuisema. Mchoro uliokuja ndani ya boksi ulikuwa wa bawa moja. Ukimaliza bawa la kwanza unatakiwa uugeuze mchoro, mgongo wake ukae juu, ndipo upange mbavu za bawa la pili. Babu, kwa haraka zake na mlango wake aliokuwa ameufunga kwa komeo, hakuugeuza. Siku aliyosahau komeo, Bibi aliingia kutafuta chaki ya kuchorea vitambaa. Akasimama. Akainamisha kichwa upande mmoja.

"Fundi."

"Naam."

"Umeshona mikono miwili ya kulia."

"Hili si shati."

"Najua si shati. Lakini mwenye nguo hii atavaa akiangalia wapi?"

Babu alikataa mpaka jioni. Jioni alikaa ukingoni mwa kitanda na hakutaka chai. Kilichomwokoa ni kwamba bawa la ndege ya michezo ya angani limebinuka sawasawa juu na chini, ili ndege iweze kuruka hata tumbo likiwa juu. Kwa hiyo bawa la kulia ukilipindua, linakuwa la kushoto. Kasoro ni moja tu: kimota kinachochezesha ukingo wa bawa, ambacho hutakiwa kujificha tumboni, kinabaki mgongoni, kila mtu anakiona. Hayo Babu aliyajua, ila alikuwa amekasirika mno kuyakumbuka. Bibi hakuyajua. Alichofanya ni kulishika bawa na kuligeuza kama anavyogeuza mkono wa shati, akaliweka mahali pake.

"Haya. Kwapa liko juu, lakini ni mkono wa kushoto."

Babu alisema ahsante, kwa sauti ndogo sana. Bibi alitoka amenuna. "Ingekuwa ni Bi Mdogo kamsaidia, angeimba."

Miaka yote watu wakimuuliza marehemu kwa nini kimota cha upande wa kushoto kiko juu, alijibu, "Ndivyo mtindo ulivyo." Leo mjue kwamba mtindo huo ulibuniwa na Bibi.

Halafu ikaja habari ya pasi. Ndege ya namna hii huvalishwa ngozi ya plastiki inayoshika na kujivuta kwa joto. Babu aliiazima pasi ya Bibi wakati mwenyewe yuko sokoni, akairudisha mahali pake kama vile haijaguswa. Kesho yake Bibi aliiweka juu ya gauni jeupe la bibi harusi, akaivuta, na nyuma yake ukatokea mstari mwekundu kama ulimi. Aliinyanyua akaitazama chini. Hakupiga kelele. Alimwita Babu kwa upole ambao ulitutisha sote.

"Fundi, pasi yangu imelala nje."

Alishona upya upande mzima wa mbele, na Babu alikaa naye siku nzima akimshikia taa ingawa kulikuwa na jua.

Ndege ilipokaribia kwisha, rafiki mmoja wa Babu, mwenye duka la baiskeli, ambaye naye hurusha ndege, alimletea zawadi. Ilikuwa ni mwanasesere wa rubani, kichwa na mabega, kofia ya chuma, na sharubu nyembamba zilizochorwa vizuri. "Ndege ya ukubwa huu bila rubani haipendezi," alisema. Na kwa mara ya kwanza Bibi akamtetea Bi Mdogo.

"Mtie basi, mwenzio kakuletea. Tena na sharubu zake, kijana mtanashati."

Babu aliweka bisibisi mezani. Huyu ni mtu aliyetukanwa na watu waliokwama kwenye lifti kwa miaka arobaini na hakupaza sauti hata siku moja. Siku hiyo alipaza.

"Katika ndege hii hapandi rubani!"

Mwenye baiskeli aliaga mapema. Bibi alitoka akakaa kwenye ngazi ya uani, nami nikamfuata. "Umeona?" aliniambia. "Hata mwanasesere hamwamini naye. Mimi nilipokuwa msichana, na uzuri wangu wote, hakuwahi kunifanyia wivu wa namna hiyo." Alisema kama anatania, lakini aliinua upindo wa kanga akajifuta macho, akasema ni gundi. Ni wiki hiyohiyo nilipopanda kwenye kigoda nikauliza swali langu.

Ndege iliruka kwa mara ya kwanza Septemba 2014, kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya matangi ya maji. Nilikuwapo. Injini ilinguruma, magurudumu yakakimbia kidogo tu, na mara ilikuwa juu. Ilibiringika, ikaruka tumbo juu karibu na ardhi mpaka nyasi zikalala, kisha ikapanda wima na kuning'inia kwa propela, imesimama hewani kama lifti iliyofika ghorofani na inasubiri mlango ufunguliwe. Nilisahau kuwa ni mke mwenzangu. Nilipiga makofi mpaka mikono ikawasha.

Tangu hapo alikwenda kila Jumamosi isiyo na mvua. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni, bawa kila kwapa, akasema, "Mama watoto, twende ukatazame." Na Bibi, mguu kwenye cherehani, alijibu, "Niende kumpigia vigelegele mke mwenzangu?" Ilikuwa hivyo kwa miaka. Na mimi, kwa sababu ya ile tabia yangu ya kuangalia nyuso, niliona jambo jingine. Ndege ikishatua, watu wote uwanjani walikuwa wakiitazama ndege. Babu alikuwa akitazama njia inayotoka nyumbani.

Tarehe 11 Februari 2022 marehemu alipatwa na kiharusi. Akili ilibaki, maneno yakawa mazito, na mkono wa kushoto ukawa hausikii. Rimoti ya ndege ina vijiti viwili: cha kulia kinageuza ndege huku na huku, cha kushoto kinaongeza na kupunguza mwendo wa injini. Babu alibaki na nusu ya ndege. Mwaka mzima Bi Mdogo alikaa juu ya meza amefunikwa shuka. Bibi hakuitaka meza yake irudishwe, na alikuwa akiipangusa ndege vumbi tulipokuwa hatupo. Nilimkuta.

Machi mwaka huu Babu aliomba kitu kimoja. "Nataka niirushe mara moja tu," alimwambia Bibi. "Mkono wa kushoto niazime wewe."

"Mimi? Nimsaidie yule kuruka?"

"Umeendesha cherehani maisha yako yote. Unajua kuongeza, unajua kupunguza."

Bibi alifikiria siku kadhaa. "Nakwenda kwa ajili yako," alisema, "si kwa ajili yake."

Tuliwaweka kwenye viti viwili katikati ya uwanja, bega kwa bega, rimoti moja juu ya mapaja yao. Dole gumba la Babu kulia, la Bibi kushoto. Mwenye baiskeli akawasha injini. "Ongeza," Babu alisema. "Ongeza tena, taratibu." Ikapaa. Wanaojua walisema baadaye hawajaona mtu wa mara ya kwanza mwenye kidole kitulivu vile. Ndege iliruka kama inaendeshwa na mtu mmoja. Ilibiringika, ikapita tumbo juu.

"Mama watoto, tazama juu."

"Nikitazama juu, nani ataangalia kidole?"

"Kidole kinajua. Tazama juu."

"Fundi, mshonaji akitazama juu anajishona. Niache nifanye kazi."

Na hakutazama. Macho yake yalikuwa kwenye dole gumba lake tangu mwanzo mpaka magurudumu yalipogusa nyasi. Ndipo akainua kichwa. "Ameshuka? Haya, twende nyumbani, umelowa jasho." Babu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na bado yaliendelea kutoka alipokuwa ameshamaliza kucheka.

Marehemu alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023. Bibi alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto. Muuguzi alimwambia kwa upole kwamba mkono huo hausikii. Bibi akajibu, "Kwangu unasikia."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mkubwa, na mdogo wake ambaye muuza mkaa alimrudisha. Ameacha lifti nyingi ambazo bado zinapanda na kushuka. Ameacha pia ndege moja, na juu yake familia imegawanyika. Tulipokuwa tunasafisha chumba cha uani juzi, tulimkuta yule mwanasesere wa rubani ndani ya kopo la misumari, chini kabisa, kichwa chini miguu hana. Sote tulicheka isipokuwa Bibi. Baba mdogo alipomuuliza ndege ifanyiwe nini, Bibi alisema, "Mzikeni nayo. Mwacheni na mwenzake." Baada ya kuombwa sana amekubali kwamba jioni ya leo, tukitoka hapa, baba mdogo airushe mara moja kwenye uwanja wa matangi, kumuaga. Ila amesema yeye hatakuja.

Babu yetu, umefanya kazi, umependa, umechoka. Ardhi ikupokee kwa upole na usingizi wako uwe mtulivu.

Na sasa, Bibi, naomba unisikilize mimi kabla hujaamua habari ya jioni. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa naye barazani, wewe umekwenda kuchukua dawa. Nikamuuliza tena swali langu la miaka saba: Babu, mbona ndege yako haina rubani? Aliangalia kwanza kama uko karibu. Akaniambia nisikwambie akiwa hai, maana utamcheka mpaka afe, na kwamba akishaondoka nikusomee mbele za watu ili usiweze kubisha. Maneno yalitoka polepole, na nimeyaandika kama alivyoyasema:

"Mke wangu mdogo, yule bwana alipita juu ya paa lao mara tatu tu, na mpaka leo bibi yako bado anamtaja. Sasa mimi nimjengee mwingine ndege nzima, nimkalishe kitini na sharubu zake, halafu nimwite mke wangu aje kutazama juu? Thubutu! Kiti kile nimekiacha kitupu makusudi. Nilitaka siku moja bibi yako atazame juu, atafute, aone kule hakuna mtu. Halafu ashushe macho, anikute mimi hapa chini."